Hewa ipunguzwe inapoingia, moshi usizuiwe unapotoka

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu la juma lililopita mlichapisha barua ya msomaji mmoja, mkaaji wa nyumba ya zamani ya kampuni hapa Lubumbashi, aliyewashauri wenzake wenye dohani namna ya kupunguza matumizi ya makala, yaani makaa ya miti, wakati huu ambapo baridi ya Juni na Julai inakaribia. Ushauri wake kwa ufupi ni huu: moto ukishakolea na moshi kwisha, bamba la dohani, yaani kile kipande cha chuma kinachogeuzwa ndani ya bomba kupunguza njia ya moshi, lifungwe kabisa, ili joto lisipotelee juu ya paa bali libaki sebuleni mpaka asubuhi. Ninamheshimu mzee huyo, kwa maana barua yake inaonyesha kwamba ni mtu anayeitazama nyumba yake kwa makini, na hesabu yake ya bei ya gunia haina kasoro. Ushauri wenyewe, hata hivyo, ni wa hatari, na wala haupunguzi hayo matumizi aliyokusudia kuyapunguza. Mimi ni fundi. Kazi yangu ni kuunda majiko ya chuma na kurekebisha dohani, na ninaomba nafasi katika ukurasa wenu nieleze sababu.

Nianze na kile alichokiona sawasawa. Makala hutoa moshi mwanzoni tu, yanapokuwa bado yana unyevu na vipande vya mti visivyoiva. Yakishakuwa mekundu, hakuna moshi unaoonekana wala harufu inayosikika, na mtu aliyeketi mbele ya moto wa namna hiyo ana haki ya kujiuliza dohani imebaki na kazi gani. Jibu limo katika namna kaboni inavyoungua. Makala mazuri ni kaboni kwa sehemu kubwa, na kaboni huungua kwa hatua mbili: kwanza huwa monoksidi ya kaboni, kisha, ikipata hewa ya kutosha ikiwa bado ina moto, monoksidi hiyo huungua tena na kuwa dioksidi ya kaboni. Kilo moja ya kaboni iliyoungua hadi mwisho hutoa megajuli zipatazo 32.8 za joto, lakini ikiishia katika hatua ya kwanza hutoa kama megajuli 9 tu. Kwa hiyo mtu anayeunyima moto wake hewa, akidhani anaweka akiba, huenda anapoteza zaidi ya thuluthi mbili ya joto alilolinunua sokoni, na joto hilo huondoka katika umbo la gesi ambayo haikuungua. Bamba likiwa wazi, gesi hiyo hupanda dohanini na hasara ni ya fedha peke yake. Likiwa limefungwa, hurudi sebuleni.

Kwa wazee wa mji huu gesi hiyo si mgeni. Tangu tanuri za kwanza za shaba zilipowashwa Lubumbashi mwaka 1911, koki (makaa ya mawe yaliyookwa) iliyotiwa ndani yake haikuwa na kazi ya kuleta joto tu, bali pia kutengeneza monoksidi hii hii ya kaboni, ambayo huyapokonya mawe ya shaba oksijeni yake mpaka ikabaki shaba. Hutengenezwa hivi: hewa inayoingia chini ya moto hukutana na tabaka la kwanza la makaa na kuwa dioksidi, dioksidi ikipanda kupitia tabaka nene la makaa mekundu, kaboni ya juu huipokonya sehemu ya oksijeni, nayo hugeuka monoksidi. Jambo hilo hilo hutokea katika jiko la sebuleni lililojazwa makala mpaka shingoni. Gesi hiyo ikivutwa na mtu hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, naye huanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kutapika, kisha hulala usingizi ambao huenda asiamke. Katika mji ambapo maumivu ya kichwa na kutapika huitwa malaria kabla mgonjwa hajafika zahanati, ninaona ni vyema wauguzi wamuulize kila mgonjwa wa majira ya baridi kama alilala karibu na moto, tena wasikitegemee kile kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole kupima oksijeni, kwa sababu kile cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba monoksidi.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Jiko lolote lenye dohani lina milango miwili ya kuendeshea moto: ule ambao hewa huingilia na ule ambao moshi hutokea. Mtu akitaka moto wa polepole, mlango wa kupunguza ni ule wa kuingilia. Hewa ya chini ikipungua, makaa huungua taratibu, nayo dohani, kwa kuwa bado iko wazi na ina joto, huendelea kuvuta. Chumba kinabaki upande wa mgandamizo mkubwa na jiko upande wa mgandamizo mdogo, hivyo kila ufa wa jiko hunyonya hewa ya chumbani badala ya kutema gesi. Mtu akifunga mlango wa kutokea, mambo hugeuka: hewa ya chini bado inaingia, makaa bado yanazaa gesi, na kila ufa unakuwa tundu la kutolea gesi hiyo. Matengenezo mengine yote ninayoyafanya katika nyumba za watu yanatokana na tofauti hiyo moja.

Ndiyo maana sipendi majiko mengi yanayouzwa kando ya barabara zetu, ingawa walioyalehemu ni mafundi wenzangu na wana mikono mizuri. Yana mlango wa majivu chini, na kwa juu hayana kitu. Jiko la makala, sawa na la makaa ya mawe, linahitaji hewa kwa njia mbili: ya chini, inayopita kwenye kichanja cha chuma na kuwasha makaa, na ya juu, inayoingia kupitia matundu madogo ya mlango wa mbele na kuikuta ile monoksidi inapotoka kwenye makaa ili iungue papo hapo. Dalili yake huonekana kwa macho. Ukifungua kidogo matundu ya juu, baada ya muda mfupi utaona ndimi fupi za buluu zikicheza juu ya makaa mekundu. Hiyo ni gesi inayogeuka kuwa joto ndani ya jiko lako. Ukiyafunga, ndimi hizo huzimika, makaa yakabaki mekundu vile vile, na mtu asiyejua husema moto ni ule ule.

Wenzetu wa nchi za baridi wanaotumia makaa ya mawe wanaijua sana habari hiyo, na kanuni zao zinatufaa kwa sehemu kubwa. Antrasaiti, makaa magumu ya Wales au ya Pennsylvania, yana gesi kidogo na hutegemea hasa hewa ya chini; makaa laini hutoa gesi nyingi mara tu yanapotiwa motoni, na kwa dakika kadhaa huhitaji hewa nyingi ya juu. Makala yetu yanakaribia antrasaiti kwa tabia. Sisi hatupashi nyumba kwa makaa ya mawe, ijapokuwa yalichimbwa Luena kwa ajili ya viwanda, lakini Wabelgiji waliojenga nyumba hizi walitoka katika nchi ambako makaa ya Liège na Charleroi yaliwaka katika majiko ya chuma ya kusubu, na kwao bamba la dohani lilikuwa kifaa cha kila siku. Mabamba mengi ya huko hutobolewa tundu au hukatwa pembe kwa makusudi, ili mtu hata akiligeuza mpaka mwisho isiwezekane kuifunga dohani yote. Mabamba ninayoyakuta hapa mara nyingi yamebadilishwa na vipande vya bati visivyo na tundu, vilivyopimwa vizuri kabisa kuziba njia. Hodari wa kupima aliyefanya hivyo alistahili kazi nyingine.

Mvuto wa dohani hutoka wapi? Hautoki kwenye upepo, kama wengi wanavyodhani. Hewa ya moto ndani ya bomba ni nyepesi kuliko hewa baridi ya nje, na tofauti ya uzito huo, ikizidishwa na urefu wa dohani, ndiyo nguvu yote tuliyo nayo. Chukua dohani ya mita 5 kutoka kwenye moto hadi kileleni, nje kukiwa na nyuzi 10 za Selsiasi, jambo la kawaida kabisa hapa usiku wa Julai, na moshi ukiwa na nyuzi 150: kandoni mwa bahari dohani hiyo ingevuta kwa paskali 20 hivi (paskali ni kipimo cha mgandamizo), kabla ya kutoa kinachopotea kwenye kona na masizi. Lakini Lubumbashi haiko kandoni mwa bahari. Tuko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200, hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 13, na mvuto hupungua kwa kiasi hicho hicho, ukawa paskali 17 au 18. Kwa hiyo fundi anayenakili vipimo kutoka katika karatasi ya jiko lililotoka Ulaya anapaswa kuongeza kimo kwa karibu asilimia 15, na kuacha njia pana kidogo pia, kwa sababu kilo ile ile ya makala hudai hewa ya ujazo mkubwa zaidi pale ambapo hewa ni nyepesi.

Nambari inayonitia wasiwasi zaidi, hata hivyo, si hiyo. Moshi katika dohani hiyo hiyo ukipoa kutoka nyuzi 150 hadi 60, mvuto hushuka mpaka paskali 8 hivi. Ndivyo inavyokuwa moto unapoanza kufa, saa nane au saa tisa za usiku: bomba limepoa, mvuto umelegea, lakini katikati ya majivu bado kuna makaa mekundu yanayozaa monoksidi. Watu huogopa moto mkali, nao hudhani moto unaofifia umekwisha kuwa salama. Ukweli ni kwamba saa za mwisho za moto ndizo saa ambazo dohani inahitaji kuachwa wazi kuliko saa nyingine zote. Bamba lifungwe asubuhi, majivu yakishapoa kiasi cha kushikika kwa mkono.

Jiko la chumba hufanya kazi vizuri likipata mvuto wa paskali 10 hadi 15. Chini ya hapo moshi hurudi mlango unapofunguliwa. Juu ya hapo makala huisha haraka na joto hukimbilia nje, na hapo mzee wetu ana haki ya kulalamika. Lakini atajuaje? Kifaa cha dukani ni ghali, kwa hiyo nitaeleza kile ninachokitumia mwenyewe, ambacho mtu yeyote anaweza kukiunda kwa mrija mwembamba unaopitisha mwanga, wa aina ile ambayo waashi huitumia kusawazisha kuta kwa maji. Toboa tundu ubavuni mwa chupa ya plastiki, karibu na kitako chake, pachika humo ncha moja ya mrija na uzibe kwa gundi, kisha utandaze mrija juu ya ubao na kuufunga kwa misumari, ukipanda sentimita 1 kwa kila sentimita 10 za urefu wake. Tia maji yenye wino kidogo na tone la sabuni mpaka yaonekane katikati ya mrija, na upige alama pale yanapotulia. Ncha ya juu iunganishwe na kipande cha bomba jembamba la shaba, ambalo katika mji huu halikosekani, na shaba hiyo iingizwe katika tundu dogo lililotobolewa kwenye bomba la moshi, sentimita 30 hivi juu ya jiko na kabla ya kulifikia bamba. Mvuto utayanyonya maji yapande mrijani. Kwa mteremko huo kila sentimita 1 ya mwendo ni karibu paskali 10, kwa hiyo maji yakipanda sentimita 1 hadi 1 na nusu na kutulia hapo, dohani yako ni nzuri. Yakipepesuka huku na huku, ujue upepo unaingia kileleni. Ni raha ya pekee kumwona mama mwenye nyumba, ambaye kwa miaka ameambiwa kwamba jiko lake lina mkosi, akifungua na kufunga kilango cha majivu huku akiyatazama maji yale yakimtii.

Asiye na subira ya kuunda hicho achukue udi au kijiti kilichozimwa sasa hivi, akisogeze karibu na ufa wa mlango wa jiko na atazame moshi wake unaelemea wapi. Ukiingia ndani, sawa. Ukisimama au ukigeuka kumfuata yeye, kuna jambo. Jaribio hilo lifanywe nyumba ikiwa imefungwa kama inavyofungwa usiku, si mchana milango ikiwa wazi, kwa sababu dohani haiwezi kutoa hewa ambayo haikuingia. Kilo moja ya makala inahitaji angalau mita za ujazo 10 za hewa, na jiko la kawaida huvuta mara moja na nusu au mara mbili ya hiyo. Hewa hiyo yote lazima ipite mahali fulani. Nimeingia katika nyumba ambazo matambara yamesokotwa chini ya kila mlango na magazeti yamebandikwa kwenye kila tundu la ukuta, mwenyewe akilalamika kwamba dohani imekufa. Haijafa, inakosa pumzi. Tundu moja lenye upana wa kiganja, karibu na jiko ili baridi isivuke chumba kizima, hurudisha mvuto bila kugusa kitu kingine.

Kuhusu kuwasha: usiku wa baridi bomba hujaa hewa nzito iliyotulia kama kizibo, na moshi wa kwanza hukosa pa kwenda. Washa ukurasa mmoja wa gazeti, la jana, Bwana Mhariri, si la leo, uushikilie kwenye kinywa cha dohani mpaka usikie mvumo, ndipo uwashe jiko. Fungua vilango vyote viwili vya hewa, cha majivu na cha matundu ya juu, mpaka makaa yakolee, kisha punguza cha chini kidogo kidogo, kila mara ukisubiri moto uitikie, na cha juu ukiache wazi kiasi cha kuziona zile ndimi za buluu. Unapoongeza makala, usiufunike moto wote. Acha upande mmoja ukiwa mwekundu wazi, ili gesi inayotoka kwenye makala mapya ikute mwali wa kuiwasha, vinginevyo hujikusanya na baadaye huwaka kwa kishindo kinachoweza kuusukuma mlango ukafunguka. Chenga na vumbi la makala zichekechwe nje kabla, kwa maana hizo, kuliko majivu yenyewe, ndizo zinazoziba kichanja na kumfanya mtu adhani mvuto ni mdogo.

Nyumba za zamani zina tatizo lao. Dohani zake zilijengwa kwa ajili ya moto wa wazi wa kuni, zikiwa na koo pana ambalo mtoto angeweza kupita, na moto wa wazi hupeleka sehemu kubwa kabisa ya joto lake juu ya paa. Hapo simlaumu mtu anayetamani kuziba. Lakini dawa yake ilikwisha kupatikana zamani sana. Mwaka 1796 Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts ambaye wengi humjua kwa cheo chake cha Count Rumford, alieleza jinsi alivyokuwa akizirekebisha dohani za London zilizojaza nyumba moshi: hakuzirefusha, bali alilibana koo mpaka sentimita 10 hivi kutoka mbele hadi nyuma na kuzielekeza kuta za pembeni zirushe joto chumbani. Kwa nyumba zetu mimi hupendelea kuweka jiko la chuma mbele ya shimo la zamani na kupitisha ndani ya dohani bomba jipya la upana wa sentimita 12 hadi 15 mpaka kileleni, nafasi ya pembeni ikizibwa chini kwa bati. Njia pana hupoza moshi, na tumeona hapo juu kupoa huko kunafanya nini. Mita ya kwanza juu ya jiko iwe ya chuma cheusi, isiwe ya bati lililopakwa zinki, kwa kuwa zinki ikipata joto kali hutoa mvuke wenye madhara. Bomba lisilo na ganda la pili lisikaribie mbao za paa kwa chini ya sentimita 45.

Kilele nacho kina sheria yake, ambayo mafundi wa paa huivunja kila siku ili bomba lisionekane kutoka barabarani: kipite mahali kinapotokea juu ya paa kwa sentimita 90 angalau, na kipite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho umbali wa mita 3 kutoka hapo, iwe ni mgongo wa paa, tangi la maji au mwembe wa jirani. Kofia ya mvua iinuliwe vya kutosha. Kabla ya Juni mtu apande atazame kama nyuki au ndege hawajahamia humo tangu mwaka jana.

Sijasema neno juu ya mbabula, lile jiko la wazi la makala lisilo na dohani, kwa sababu ninaandikia wenye dohani, na pia kwa sababu hakuna cha kurekebisha: chombo kisicho na njia ya moshi hakiingizwi katika chumba cha kulala, hata makala yake yakiwa mekundu namna gani, hata umeme ukiwa umekatika. Tofauti kati ya mbabula na jiko ambalo bamba lake limefungwa kabisa ni ndogo sana, na ninadhani mzee wetu, ambaye nina hakika asingeruhusu mbabula kando ya vitanda vya wajukuu wake, hakulitazama jambo hilo kwa upande huo.

Haja yake, hata hivyo, ni ya haki: anataka kuamka katika sebule yenye joto. Hilo linawezekana bila kufunga chochote, ikiwa joto litawekwa katika kitu kizito wakati moto unawaka vizuri. Azungushe jiko lake kwa ukuta mfupi wa matofali ya kuchoma, yale yale ya udongo wa kichuguu yanayochomwa pembezoni mwa mji, akiacha nafasi ya vidole vinne kati ya ukuta na chuma na matundu chini na juu ili hewa ipite. Kilo 200 za matofali zikipashwa nyuzi 50 zaidi ya chumba hushika joto la kutosha kutoa wati 300 hivi kwa muda wa saa nane. Si nyingi, lakini ni joto lisilo na gesi, na makala yaliyolileta yaliungua hadi mwisho kwa hewa yake kamili. Na lile bamba lake, kama hataki kulitoa, alitoboe katikati tundu ambalo vidole viwili vinapita bila kubanwa, kisha amwite fundi apime mvuto likiwa limegeuzwa mpaka mwisho.

Ninaomba, Bwana Mhariri, kwamba mkiikubali barua hii muichapishe katika ukurasa ule ule mlikochapisha ya kwanza, na kabla mwezi wa Mei haujaisha, kwa maana najua wasomaji waliokata ile ya kwanza na kuibandika ukutani kando ya jiko. Mafundi wenzangu wa kulehemu watakaopenda kuongeza matundu ya hewa ya juu katika majiko yao wanaweza kuyapata kwa kutoboa matundu sita ya milimita 8 juu ya mlango wa mbele, na kuyafunika kwa kipande cha chuma kinachoteleza. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na haihitaji chuma kipya.

Wenu kwa heshima,

Fundi wa majiko na dohani,
Komini ya Kamalondo, Lubumbashi